Tawi la Thelathini na Nane

Jumatatu hiyo, saa mbili na robo asubuhi, Kata ya Lihanga ilitoka kwenye kijani ikawa manjano. Wanafunzi kumi na wanne waliokuwa wamejikunyata ndani ya makoti yao wakaweka vikombe vya chai chini na kuutazama Ubao, kioo kikubwa cha ukutani kilichoonyesha hali ya magonjwa katika kila kata. Odilia Mligo ndiye aliyesimama. Lihanga ilikuwa kwao.

"Soma," alisema Mwalimu Kaduma bila kugeuka.

"Homa ya pete, Mwalimu. Kata ya Lihanga. Wagonjwa chini ya watano."

"Kati ya wangapi?"

"Kaya mia tatu na arobaini zimesomwa. Watu elfu moja mia sita na kitu."

"Na kitu ni ngapi?"

Odilia akakodoa macho. "Elfu moja mia sita ishirini na mmoja."

"Hapo sawa. Ukinitajia wagonjwa bila kunitajia wametoka kati ya watu wangapi, umeniletea uvumi. Kaa."

Katika mji wa Mtondowe, kijana aliyetaka udaktari hakuruhusiwa kumgusa mgonjwa kabla ya kumaliza mwaka mmoja wa matayarisho. Mwaka huo alisoma watu kwa maelfu: wanaugua wapi, lini, kwa nini mtaa huu na si ule. Wengi waliuona kama kifungo. Odilia aliupenda. Alikuwa na miaka ishirini, na alikuwa na kipaji cha kuona namba zinazoficha namba nyingine.

Namba za Ubao zilitoka ardhini. Kila nyumba ya mji ilikuwa na bomba lake la majitaka, na ndani ya kila bomba kilikaa kifaa kidogo kama kidole gumba ambacho watu walikiita Pua. Pua ilinusa ugonjwa siku ya pili tu tangu umwingie mtu, wakati mwenyewe bado anacheka na kula vizuri. Siku ya tatu alianza kuambukiza. Siku ya sita zilimtoka pete nyekundu kwenye vifundo vya mikono, na katika kila wawili waliotoka pete, mmoja alizikwa. Dawa ilikuwepo. Ilimponya aliyeimeza ndani ya siku tano za mwanzo, na baada ya hapo haikuwa na nguvu zaidi ya maji.

"Sasa tufanye nini?" Mwalimu aliuliza darasa.

"Gari la dawa," alijibu mmoja.

"Litafika Lihanga Alhamisi. Kila mtu wa kata atameza, mzima na mgonjwa, na hakuna atakayeulizwa wewe ni nani."

Odilia akanyoosha mkono. "Na yule mmoja, Mwalimu? Tukijua nyumba yake leo, tungempelekea dozi leo."

Mwalimu Kaduma akageuka. Alikuwa mama wa miaka sitini hivi, mwembamba, mwenye kovu la moto lililoanzia sikioni likashuka na kupotelea ndani ya kola ya sweta. Tangu mwaka uanze hakuna aliyethubutu kumuuliza habari za kovu hilo.

"Nani amesema ni mmoja? Ubao umesema chini ya watano."

Odilia akatazama meza.

"Mnaijua Sheria ya Pazia," Mwalimu aliendelea, sasa akiwaambia wote. "Kata, si mtu. Ubao haumtaji mtu, hautaji nyumba, na namba ikiwa ndogo inafichwa. Nitawaambia sababu mara moja tu. Homa ya kwanza ilipokuja, hatukuwa na Pazia. Orodha ya majina ilibandikwa mlangoni pa zahanati, kwa nia njema kabisa, watu wajue wa kumsaidia. Baba yangu alikuwa wa tatu kwenye orodha. Hakufa kwa homa." Akagusa kola yake. "Fungueni daftari."

Lakini Odilia alikuwa ameshafanya hesabu kabla hata ya kuketi, tena bila kukusudia, kama vile mtu anavyosoma bango la barabarani kwa kupita tu. Upande wa kushoto, Ubao ulionyesha jumla ya Bomba la Mashariki: kumi na nne. Bomba hilo lilipita kata tatu. Mbili kati yake zilikuwa na namba za wazi, tano na nane. Kumi na nne ukitoa kumi na tatu.

Mmoja.

Wakati wa mapumziko alisimama kwenye korido, mbele ya ratiba ya mafundi wa bomba iliyobandikwa pale tangu mwezi uliopita. Ilionyesha kila tawi la bomba husomwa dakika gani. Ubao ulikuwa umeandika saa ya kugundua: kumi na moja na dakika saba alfajiri. Kidole chake kikashuka kwenye karatasi chenyewe. Lihanga, kumi na moja na saba, tawi la thelathini na nane.

Hakuhitaji kitabu cha anwani. Tawi la thelathini na nane lilikuwa nyumba ya Oliva Chaula, mfumaji wa masweta ya shule. Odilia alikulia upande wa pili wa ua wa nyumba hiyo.

*

Saa sita mchana alibisha hodi ofisini kwa Mwalimu Kaduma.

"Mwalimu, Pazia linaweza kufunguliwa?"

"Kwa funguo tatu. Mganga mkuu, hakimu, na mtu aliyechaguliwa na wananchi. Wote watatu wakubali siku moja."

"Wamewahi kukubali kwa ajili ya mtu mmoja?"

"Hapana. Na nisingewaomba, hata angekuwa mama yangu." Mwalimu akamtazama kwa muda. "Umefanya hesabu, binti?"

"Hapana, Mwalimu."

"Vizuri. Maana ukishaijua nyumba, utaona una jambo la kufanya, na huna. Mwenye homa atameza Alhamisi. Siku yake ya pili ni leo. Alhamisi ni ya tano. Anawahi. Ni kwa chupuchupu, lakini anawahi."

Maneno hayo yangetosha kumtuliza mwanafunzi mwingine. Odilia alitoka nje, akakaa kwenye ngazi za zege zilizolowa ukungu, akawafikiria walio ng'ambo ya ua. Kaka yake Desideri ndiye aliyemlea tangu alipokuwa na miaka tisa, wazazi wao walipofariki wote ndani ya mwaka mmoja. Aliacha shule, akaingia kiwanda cha mbao, na jioni alimkagua madaftari huku vumbi la mbao likimwanguka kutoka kwenye nywele. Sasa alikuwa ameoa. Mkewe, Fotunata, alikuwa na mimba ya miezi minane, na kila mchana alivuka ua kwenda kukaa na Mama Oliva wakifuma soksi za mtoto.

Kesho Mama Oliva angeanza kuambukiza.

Odilia aliwaza kumpigia Mama Oliva mwenyewe. Angemwambia nini? Kwamba ana homa, na dawa haipo hadi Alhamisi? Akaitafuta namba ya kaka yake.

"Kaka, shikamoo."

"Marahaba, daktari wangu! Habari za huko?" Nyuma yake misumeno ilikuwa inalia. "Unajua choo cha ndani kimekwisha? Tangu juzi. Fotu hatoki tena nje kwenye baridi hii. Nimekipiga mwenyewe, bomba na kila kitu."

"Hongera, kaka. Kaka, sikiliza. Fotu asiende kwa Mama Oliva."

Misumeno ikafifia. Desideri alikuwa ametembea pembeni. "Kuna nini?"

"Usiniulize."

"Odi. Ni pete?"

"Usimruhusu tu avuke ua, kaka."

"Mama Oliva? Yule aliyekunyoa nywele ulipopata choa? Umehakikisha?"

"Nimeona kwenye Ubao. Mpeleke Fotu kwao Luhombelo, na wewe nenda naye. Mkae wiki moja. Usimwambie mtu, na simu uizime, wasije wakakuuliza mmekwenda wapi. Kaka, nakuomba."

"Sawa," alisema Desideri. Kisha, kwa sauti ya chini, "Asante, mdogo wangu. Nisingekusomesha ningejuaje?"

Walikata simu. Odilia alirudi darasani, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi mikono yake ikapata joto.

*

Desideri hakumwambia mtu, ila mkewe. Fotunata hakumwambia mtu, ila shemasi wa jumuiya yao, kwa kuwa Mama Oliva alipangiwa kupokea ibada ya Jumanne nyumbani kwake na haikuwa haki watu wote wale waingie mle. Shemasi naye aliwaonya waumini wachache tu. Jumanne asubuhi gari lililowapeleka Desideri na Fotunata Luhombelo lilipoondoka, Lihanga nzima ilikuwa inajua mambo mawili: Mama Oliva ana pete, na Pua zinataja majina.

Jumatano, saa mbili asubuhi, Ubao ulionyesha Lihanga ya kijani.

Darasa lilishangilia. Mwalimu Kaduma hakushangilia. Alisogea hadi pua yake ikakaribia kioo, akasoma namba ndogo ya chini ambayo wengine hawakuitazama.

"Kaya ngapi zimesomwa?"

"Hamsini na nane," alisema Odilia.

"Kutoka mia tatu na arobaini. Watu wameziba mabomba. Wanakwenda msituni, kwenye mipaini, na baridi hii." Akageuka polepole. "Wamesikia nini, hata waogope vyoo vyao wenyewe?"

Simu ya mezani ikalia. Odilia alisikia upande mmoja tu wa mazungumzo, lakini ulitosha. Gari la dawa lilifuata usomaji. Lihanga haikuwa na usomaji tena, kwa hiyo gari lilikuwa limeshaelekezwa kwingine. Mwalimu alieleza, akafoka, mwisho akaomba. Alipoweka simu chini, alivaa koti na kuchukua mkoba wa vipimo.

"Mligo, wewe ni wa huko. Twende."

Mlango wa Mama Oliva ulikuwa umepigiliwa mbao mbili kwa nje, umbo la msalaba. Wanaume wanne walikaa kwenye mawe ng'ambo ya barabara, wamejifunga mitandio usoni. Ndoo ya maji aliyoletewa na mtu mwenye huruma ilikuwa imeachwa mbali na dirisha, mahali ambapo mkono wa aliye ndani usingefika.

"Kamwene," Mwalimu aliwasalimu.

"Kamwene," waliitika kwa kusitasita.

"Nani amepigilia hizi?"

"Kata, mama. Kwa usalama."

"Kata ina watu elfu moja mia sita ishirini na mmoja. Nyundo ilishikwa na mmoja. Aje azing'oe."

Hakuja mtu. Mwalimu alizing'oa mwenyewe kwa nondo aliyoiokota, na Odilia akasaidia kwa mikono mitupu hadi kucha zikatoka damu.

Mama Oliva alikuwa amekaa kitandani, amejifunika masweta ya watoto wa shule, moja juu ya jingine, kwa kuwa kuni zilikuwa nje. Hakuwa amekunywa maji tangu jana mchana. Alipomwona Odilia, uso wake ulifunguka.

"Mwanangu! Nilijua utakuja. Nilisema, Odi akisikia atakuja kuwaambia hawa ukweli."

Odilia alipiga magoti amshikie kikombe. Hakuweza kumtazama machoni. Mwalimu alichukua mate ya yule mama, akaweka kwenye kipimo, akasubiri dakika kumi amesimama. Kisha akarudia kwa kipimo kingine.

"Huna homa, mama," alisema. "Hujawahi kuwa nayo."

"Si nimewaambia?" alisema Mama Oliva. "Nimewaambia kupitia mlango siku nzima."

Mwalimu alitoka nje kwa hatua za haraka. Odilia alimkuta nyuma ya nyumba, amechuchumaa penye jiwe lenye namba ya tawi la bomba, anatazama bomba jipya la plastiki jeupe. Lilipita chini ya ua likitokea nyumba ya ng'ambo, likaungwa kwenye bomba la Mama Oliva kwa gundi iliyokuwa bado inang'aa.

"Hiki choo ni cha nani?"

Choo cha ndani kimekwisha. Nimekipiga mwenyewe, bomba na kila kitu. Odilia aliyakumbuka maneno ya kaka yake. Alikaa chini kwenye viazi vya Mama Oliva na kusema yote, tangu kumi na nne ukitoa kumi na tatu.

Alipomaliza, Mwalimu Kaduma aliuliza swali moja tu.

"Wako wapi sasa?"

*

Simu ya Desideri ilikuwa imezimwa, kama alivyoagizwa. Alhamisi alfajiri Mwalimu alimtuma mhudumu wa afya kwa pikipiki hadi Luhombelo, kijiji cha juu kabisa, kisichokuwa na mabomba wala Pua. Ujumbe ulikuwa mfupi: Desideri Mligo na mkewe wajitenge chumba cha peke yao, dawa inakuja. Mhudumu alirudi jioni, amelowa hadi ndani ya viatu.

"Amekataa," alisema. "Alikuwa amekaa na wakwe zake wanakula. Wamemchinjia mbuzi, kijiji kizima kipo. Amesema homa iko kwa mama mmoja huko Lihanga, na yeye ameshaikimbia. Amesema mdogo wake ndiye anayesoma Ubao, na neno la mdogo wake linamtosha."

Dawa haikupatikana Alhamisi. Haikupatikana Ijumaa. Jumamosi asubuhi Mwalimu alirudi kutoka bohari akiwa na kisanduku kimoja mapajani. Dozi kumi na mbili.

Walifika Luhombelo saa nane mchana. Fotunata alikuwa wa kwanza kupewa, kwa ajili ya mimba. Kumi na moja zilizobaki Mwalimu aliwagawia watoto waliokula kwenye sinia moja na Desideri. Baba na mama wa Fotunata walisogea wenyewe nyuma ya mstari, wakasema wao wameshakula chumvi ya kutosha.

Desideri alikuwa kwenye chumba cha kuhifadhia mahindi, chenye dirisha dogo lisilo na kioo. Odilia alisimama nje, hatua nne, kamba ilipowekwa. Kaka yake alisogeza kiti karibu na dirisha na kuweka mikono kwenye kizingiti. Pete zilikuwa zimekwishatoka, nyekundu, zimefungana vizuri kama bangili.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba." Alitabasamu, midomo imekauka. "Usilie. Umefanya ulichoweza. Yule mama ametuwahi tu. Pengine Fotu alinibebea kwenye zile soksi." Akakohoa. "Nimewaambia wakwe, nikifa, wajue ni Oliva. Watu wajue."

Odilia alikuwa ameomba njiani, kwenye kila kona, kwamba asiulizwe. Sasa hakuwa ameulizwa. Angeweza kunyamaza, na kaka yake angekufa akijiona ameonewa, na kuonewa kuna faraja yake. Lakini huko Lihanga mbao zilikuwa bado zimelala kando ya mlango, na misumari yake.

"Kaka," alisema. "Mama Oliva ni mzima. Amepimwa mara mbili. Choo chako umekiunga kwenye bomba lake."

Desideri alimtazama bila kuelewa. Kisha akaelewa. Odilia aliona jambo hilo likimpita usoni polepole, kama mtu anayesoma barua ndefu.

"Fundi wa halmashauri alikawia kuja kutuunga kwenye tawi letu," alisema. "Nikaona ni kwa muda tu. Itakuwa ni yule dereva wa lori la mbao. Jumapili tulikula naye, alikuwa anatetemeka, tukasema ni baridi." Akageuza mikono yake juu, akaitazama. "Kwa hiyo Pua ilinisema mimi."

"Ndiyo."

"Na hawa wote, wakwe zangu..."

Odilia aligeuka akawatazama wale wazee wawili.

"Ningebaki nyumbani, ningemeza Alhamisi."

"Ndiyo, kaka."

"Ningepona?"

Mwalimu Kaduma alikuwa amemfundisha kutokutoa namba asiyoijua. Hii aliijua. "Ungepona," alisema.

Desideri aliinamisha paji la uso kwenye kizingiti. Odilia alisikia pumzi zake zikikwaruza. Kuku alipita chini ya kamba. Hatimaye Desideri alizungumza bila kuinua kichwa.

"Fotu asijue. Odi, unanisikia? Wazazi wake wakiondoka duniani, asijue ni mimi niliyewaletea. Niapie."

"Naapa."

"Sasa nenda. Usinione."

Hakwenda. Alikaa pale nje ya kamba hadi walipokuja kumwondoa, na Jumatano iliyofuata Desideri alifariki saa tatu asubuhi.

Watu arobaini na mmoja waliugua Luhombelo. Kumi na tisa walikufa, wakiwemo baba na mama wa Fotunata. Odilia ndiye aliyeandika orodha, kwa kuwa Mwalimu alimpa kalamu na kusema hakuna mwingine anayestahili kuiandika. Kila mtu alikuwa na mstari wake: umri, siku ya dalili, alikula na nani, alimuuguza nani. Mishale ilichorwa kutoka mstari hadi mstari, na yote ilirudi kwenye mmoja. Huko Lihanga hakuugua mtu yeyote.

*

Wiki tatu baadaye kata iliitisha mkutano ukumbini. Chuo kilikuwa kimeshaamua: jina la Odilia limefutwa kwenye orodha ya waliokuwa waende kusomea udaktari. Mwalimu Kaduma alimletea barua kwa mkono wake.

"Si lazima uende Lihanga," alimwambia. "Lakini kama utakwenda, kumbuka una cha kwako tu cha kusema. Cha mtu mwingine, hata marehemu, si chako."

Alikwenda. Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Mama Oliva alikaa benchi la tatu, na benchi hilo lote lilikuwa lake peke yake. Shule ilikuwa imeyarudisha masweta aliyofuma. Watu walikuwa wamesikia kwamba alipimwa akaonekana mzima, na wengi wakasema vipimo navyo hununuliwa.

Mwenyekiti alimpa Odilia nafasi. Alisimama mbele, mikono nyuma.

"Mimi ni Odilia Mligo, mnanijua. Pua haikutaja jina la mtu. Mimi ndiye niliyetafuta jina, kwa hesabu, kinyume cha sheria, nikalitoa nje. Na nilikosea. Homa haikuwa kwa Mama Oliva. Haijawahi kuwa kwake. Kila kilichompata kimetoka mdomoni mwangu."

Minong'ono ikapanda. Mwanamume mmoja aliyekuwa amefunga mtandio siku ile barabarani aliinuka.

"Sawa, si kwake. Lakini Ubao ulionyesha homa Lihanga. Ilikuwa nyumba ya nani?"

"Hilo sitalisema."

"Watu kumi na tisa wamekufa, na wewe unaficha?"

"Sitalisema."

"Basi ni kwake!" mtu alipaza sauti kutoka nyuma, na ukumbi ukanguruma kukubali. Mama Oliva alifunga macho. Odilia aliona kwamba kimya chake kilikuwa kinaupigilia ule mlango upya, na kwamba hata hivyo hawezi kukivunja, na akasimama pale katikati, kinywa wazi.

"Choo ni chetu."

Sauti ilitoka mlangoni. Fotunata alikuwa amesimama pale na khanga nyeusi, mtoto mchanga wa kike mgongoni, mwenye siku kumi na moja. Watu wakampisha.

"Nilikiona kile choo kinavyojengwa," alisema. "Nilimshikia taa mume wangu akiunga bomba. Nimesikia habari za tawi la thelathini na nane, nikakaa nikafikiri. Siku nyingi nimefikiri." Alizungumza bila kupandisha sauti. "Ilikuwa nyumba yetu. Tukaenda nayo kwa wazazi wangu. Mama Oliva, tulitoboa bomba lako bila kukuomba, kisha mimi ndiye niliyemwambia shemasi. Nisamehe."

Machozi yalimshuka Mama Oliva, akayaacha yashuke. Yule mwanamume wa mtandio akaketi.

Odilia alimkuta Fotunata nje, kwenye jua hafifu la saa tisa, anamfunga mtoto vizuri.

"Wifi," alianza.

"Alijua?" Fotunata aliuliza. "Desi. Kabla hajafa, alijua kwamba ni yeye?"

"Alijua. Aliniapisha nisikwambie."

Fotunata aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyethibitishiwa jambo dogo.

"Na wewe ukanyamaza. Wiki tatu, nalala na kuamka nikimlaani yule mama, na wewe unaniletea uji, umenyamaza." Alimtazama machoni kwa mara ya kwanza. "Kumbe unaweza kunyamaza, wifi."

Mtoto alijinyoosha ndani ya khanga, ngumi moja ikatoka, ndogo, imekunjwa. Ilikuwa desturi ya ukoo wa Mligo kwamba mtoto wa kwanza wa kaka hupewa jina na shangazi. Tangu mimba ilipoonekana Desideri alikuwa akimtania kuhusu hilo, akimwambia achague lisilo refu. Odilia alinyoosha kidole kuelekea ile ngumi.

Fotunata alirudi nyuma hatua moja.

"Jina nimeshampa," alisema. "Usije kuniuliza ni lipi."

Akashuka njia ya kuelekea barabarani kwa mwendo wa mtu ambaye mwili bado haujapona, mkono mmoja nyuma ukimshikilia mtoto. Odilia alibaki amesimama, kidole bado kimenyooka, hadi watu walipoanza kutoka ukumbini na kumpita pande zote mbili.